Kiko cha gunzi na pakiti ya vanila

Toleo lililopita niliandika aya chache tu juu ya tumbaku ya kiko yenye ladha, ile ya bei nafuu inayouzwa huku Marekani kwenye maduka ya dawa na vituo vya mafuta. Nilisema naivuta na naipenda. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, na wengine mnauliza mimi ni nani hata niseme. Nimezaliwa Urambo, Tabora, nyumbani kwa mkulima wa tumbaku. Nimechuma jani, nimelifunga kwenye vijiti, nimekesha nikichochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku. Missouri naishi mwaka wa 22 sasa. Kiko nilikianza ukubwani, hukuhuku. Ninayojibu hapa chini nimeyapata kwa njia hizo mbili.

Shikamoo mzee. Nimenunua pakiti ya tumbaku ya vanila dukani karibu na kazini, dola sita na kitu. Ukiifungua inanukia kama keki. Lakini nikivuta ulimi unawaka, kiko kinakoroma, na chini kunabaki tope jeusi. Mwenzangu wa kazini ananiambia hiyo ni takataka, ninunue za makopo za dola 20. Ni kweli? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Marahaba mwanangu. Si kweli, na pakiti yako usiitupe. Tumbaku hiyo haina ubaya wowote isipokuwa imelowa, na wewe unaivuta ikiwa imelowa.

Tumbaku za ladha hutiwa mchuzi: sukari, kakao, vanila, urukususu, wakati mwingine ramu. Juu yake huongezwa propilini glaikoli, kimiminika kinachozuia jani lisikauke hata pakiti ikikaa rafuni miezi mingi. Ukiiwasha jinsi ilivyotoka kwenye pakiti, unachovuta mwanzo ni mvuke. Mvuke ndio unaounguza ulimi, kama vile ungekunywa chai kabla haijapoa. Na kwa kuwa tumbaku mbichi inazimika kila mara, nawe unavuta kwa nguvu ili isizimike, mvuke unazidi, maji yanajikusanya chini, kiko kinakoroma. Hata hiyo ya dola 20, ukiivuta hivyo, itakuunguza vilevile.

Fanya hivi. Chota kiasi cha kujaza kiko kimoja, kitandaze kwenye sahani au kipande cha karatasi, ukiache. Saa moja kwa kawaida inatosha. Mwezi wa saba hapa kwetu, hewa ikiwa nzito ya unyevu, mimi naacha saa mbili, na ile nyeusi tititi naacha hata zaidi. Usiangalie saa sana, tumia vidole. Baba yangu alikuwa akiingia banini asubuhi, anashika jani kwa dole gumba na vidole viwili, analibana, analiachia, na uso wake ulikuwa unatuambia yote. Nami hufanya vivyo hivyo na tumbaku ya pakiti. Ibane kidogo kisha iachie. Ikibaki donge, bado. Ikijifumua yenyewe taratibu, iko tayari. Ikivunjika na kulia kama jani la mgomba lililokauka, umepitiliza, lakini hata hapo inavutika.

Kujaza: wavuta kiko wa huku wana msemo kwamba tabaka la kwanza litiwe kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mama, la tatu kwa mkono wa baba. Maana yake chini iwe nyepesi na juu ishindiliwe zaidi. Kabla hujawasha, vuta hewa tupu. Ikipita kama unavyonyonya soda kwa mrija, sawa. Ukiona unahangaika, mwaga ujaze upya. Washa kwa kiberiti, subiri baruti ya njiti iishe ndipo uisogeze, zungusha moto juu yote. Tumbaku itainuka kama unga uliopata hamira. Ishindilie pole, washa mara ya pili.

Baada ya hapo ni mwendo. Mimi nina kipimo kimoja: nagusisha kiko shavuni. Nikiona siwezi kukiacha hapo nikahesabu hadi tano, nimevuta haraka, nakiweka chini. Kikizimika hakuna neno, utakiwasha tena. Vijana wengi wanaona kuzimika ni kushindwa, ndipo wanapopuliza kama wanachochea mkaa. Kiko kimoja mimi kinanichukua dakika 40, na kinazimika mara tatu, nne.

Kuhusu bei. Pakiti yako ni gramu 42 na nusu. Kiko kidogo kinakula gramu mbili hivi. Hapo una jioni 20, kila jioni kama senti 30. Nimezivuta za makopo pia, zipo nzuri mno. Lakini mtu asikufanye uone haya kwa sababu ya pakiti ya dola sita. Kausha, jaza vizuri, nenda pole, halafu uniandikie.

Mzee, nimeona mfuko mkubwa wa ratili moja umeandikwa "tumbaku ya kiko", bei rahisi ajabu. Nimevuta, unawaka kama karatasi na kunikwaruza koo. Tatizo ni nini? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

Angalia namna ilivyokatwa. Ikiwa ni nyembamba kama nywele, umenunua tumbaku ya kusokota sigara iliyovishwa jina la kiko.

Sababu ni kodi. Kabla ya tarehe 1 Aprili 2009, kodi ya serikali kuu ya Marekani ilikuwa sawa kwa tumbaku ya kiko na ile ya kusokota, kama dola 1.10 kwa ratili. Siku hiyo ya kusokota ikapanda hadi dola 24.78, ya kiko ikawekwa dola 2.83. Kwa tofauti ya dola karibu 22 kwa ratili, ghafla mifuko mikubwa madukani ikabadilishwa maandishi. Ndani ni ileile. Wasokotaji wanaijua na wanainunua kwa hilo. Anayeumia ni mtu kama wewe, anayeamini maandishi.

Tumbaku ya kiko ya kweli imekatwa kwa upana, vipande vinaonekana, rangi zimechanganyika: kahawia, njano, nyeusi. Kwa pesa kidogo tafuta Prince Albert, ile yenye nembo nyekundu, iko sokoni tangu 1907. Ladha yake ni ya chini, kama njugu na kakao kwa mbali, na haijalowa sana. Kama unataka utamu zaidi, Captain Black ya pakiti nyeupe, vanila. Hizo mbili ndizo sikosi nyumbani.

Nina mpwa wangu anarudi Mombasa kutoka Missouri mwezi ujao. Anaweza kuniletea kiko kimoja kisichozidi dola 15. Nimwambie alete kipi? (Msomaji, Mombasa)

Cha gunzi la mahindi, bila kusitasita. Mji wa Washington, hapa Missouri, kando ya mto, una kiwanda cha Missouri Meerschaum kinachotengeneza viko vya magunzi tangu 1869. Kilianzia kwa Mholanzi mmoja mchonga mbao, Henry Tibbe, na mwaka 1878 akapata hataza ya namna ya kulipaka gunzi plasta ili uso wake uwe laini na mgumu. Mpaka leo ni kazi hiyohiyo: gunzi nene lililokaushwa muda mrefu, linakatwa, linatobolewa, linapakwa, linawekewa kijiti cha mbao na mrija wa plastiki.

Kwa tumbaku ya vanila au cheri hakuna kiko kinachoshinda gunzi, maana gunzi linanyonya unyevu. Usikioshe kwa maji. Pitisha waya wa manyoya mrijani kila ukimaliza, kiache kipumzike siku nzima. Ukianza kukivuta utasikia ladha ya mbao iliyoungua. Ni kile kijiti kilichochomoza ndani kinaungua ncha, kitaacha baada ya mara tano sita. Na mwambie mpwa alete viwili. Tumbaku ya ladha inaacha harufu yake ndani ya kiko, na kiko cha cheri kitakuwa cha cheri daima. Mimi kimoja nimekiandika "C" chini kwa kalamu.

Niongeze kitu kinachonigusa. "Meerschaum" ni jina la Kijerumani la jiwe jeupe, jepesi, ambalo kwa miaka mingi limechongwa viko vya fahari kutoka Uturuki. Tibbe alilichukua jina kwa sababu gunzi lake nalo lilikuwa jepesi na moshi wake haukuwa wa moto. Basi jiwe hilohilo lipo kwetu, upande wa Sinya na Amboseli, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Miaka ya 1950 na 1960 kilikuwapo kiwanda Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation, kikitengeneza viko vilivyouzwa ng'ambo kwa jina la "Kiko", na tembo mdogo kwenye mrija. Nilikikuta kimoja kwenye meza ya vitu vya zamani, mji mdogo kusini mwa Missouri. Kimevalishwa ngozi, tembo amefutika nusu. Muuzaji akaniuliza kama najua hilo neno maana yake nini. Nilishindwa kumjibu kwa muda. Nilikinunua dola 12 na ndicho ninachovuta siku za sikukuu.

Kwa nini tumbaku inanukia vizuri hivyo chumbani, lakini mdomoni sipati hiyo cheri? Wamenidanganya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hujadanganywa. Harufu ya mchuzi inaruka na moshi na kumfikia aliyekaa pembeni kabla haijakufikia wewe. Wewe unabaki na tumbaku yenyewe, na cheri inapita nyuma yake kama mtu anayepita ukumbini. Utaipata ukivuta kidogo sana, unauweka moshi mdomoni bila kuumeza, kisha unaachia kidogo utokee puani. Ukikazana kuitafuta kwa kuvuta kwa nguvu, unaiunguza na inakimbia.

Ila inafaa ujue hiyo ladha imekaa juu ya nini. Tumbaku nyingi za ladha za bei nafuu msingi wake ni burley, jani la hewa, linaloning'inizwa bandani majuma kadhaa bila moto. Burley nyeupe ilijitokeza Brown County, Ohio, mwaka 1864, mkulima alipoona miche yake ina rangi hafifu isiyo ya kawaida. Leo kwa upande wetu wa Afrika Malawi ndiyo inayosifika kwa jani hilo. Likining'inia muda huo wote sukari yake inaisha, linabaki kavu na lenye vishimo kama sifongo, ndiyo maana linanywa mchuzi wowote unaolitilia. Kwetu Urambo lililokuwa likitawala ni Virginia, jani la mvuke. Hilo linakaushwa kwa joto kama wiki moja: kwanza pole hadi ligeuke njano, halafu unapandisha kidogo kidogo mpaka mfupa wa katikati nao ukauke. Ukilala usingizi moto ukashuka, au ukipitiliza ukauzidisha, jasho la mwaka mzima limekwenda. Nilikuwa na miaka 11 nilipoachiwa zamu ya usiku mara ya kwanza. Sukari inayobaki ndani ya jani lile ndiyo inayoipa tumbaku utamu ambao hakuna kiwanda kilichoutia.

Kwa hiyo ukivuta mchanganyiko wa vanila ukasikia chini yake utamu kama wa nyasi zilizokatwa jana, hiyo si vanila. Tulia nao.

Naandika kwa ajili ya mume wangu ambaye anakusoma sana. Anavuta sebuleni, anasema tumbaku ya vanila haina madhara kwa sababu inanukia vizuri. Tuna mtoto wa miaka minne mwenye pumu. (Mama, Minneapolis)

Mama, ahsante kwa kuniandikia, na mumeo naomba asome hapa.

Ndugu yangu, utamu wa harufu haupunguzi kitu chochote kwenye moshi. Vanila inabadilisha kile pua inachosikia, haibadilishi kile pafu linachopokea. Hakuna kiasi cha moshi wa tumbaku ambacho ni salama kwa mtoto, na mwenye pumu hata moshi uliobaki kwenye zulia na pazia unamsumbua. Toka nje. Usisimame dirishani, usikae gereji yenye mlango wa kuingilia ndani, toka nje kabisa. Minnesota ina baridi, najua. Missouri nayo ina baridi, na mimi mwezi wa kwanza nakaa barazani na koti na kofia, au sivuti siku hiyo. Ukirudi badili shati kabla hujambeba mtoto.

Na sisi wenyewe tunaovuta tusidanganyane. Hata usipomeza moshi, kiko kinaleta saratani ya mdomo, midomo na koo, na nikotini inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Nikotini naijua tangu sijaanza kuvuta. Asubuhi za umande tulichuma majani yakiwa na maji, shati linalowa mpaka kifuani, ikifika saa nne mmoja wetu anatapika na kichwa kinamzunguka. Wakubwa walisema ni njaa. Haikuwa njaa, ni jani lilikuwa limepenya kwenye ngozi. Mimi navuta mara tatu kwa wiki na namwonyesha daktari wa meno kinywa changu chote kila baada ya miezi sita. Nimelichagua hili nikijua. Mtoto wako hajachagua.

Nina miaka 19, sijawahi kuvuta chochote. Picha za wazee wenye kiko zinanivutia, naona kuna utulivu na heshima. Nianze na ladha gani? (Msomaji, Dodoma)

Usianze na yoyote. Nakuambia kama ningemwambia mwanangu, na wanangu wawili nimewaambia maneno hayohayo. Safu hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta na wanataka kuvuta kwa akili. Utulivu unaouona kwenye picha ni wa mtu aliyekaa chini saa nzima bila kukimbizana na kitu. Huo unaupata kwa kahawa, kwa bao, kwa kukaa na babu yako jioni. Ukibaki bila kuvuta hutakosa kitu.

Nimehamia Boston na sioni tumbaku ya vanila wala cheri dukani. Nimeuliza wananiangalia vibaya. (Msomaji, Massachusetts)

Jimbo hilo lilizuia kuuza tumbaku za ladha madukani kuanzia 1 Juni 2020, na kiko kimo. Usihangaike na njia za panya. Tafuta mchanganyiko wa burley usiotiwa ladha, uukaushe kidogo, uuvute pole. Njugu na kakao utazisikia zenyewe.

Shikamoo mzee. Baba yangu alifariki mwaka jana. Kwenye kabati lake nimekuta pakiti ya cheri iliyofunguliwa, imekauka kabisa, ukiishika inakuwa unga. Na kiko chake. Mimi navuta. Je, inaweza kurudi, au niitupe? (Msomaji, Houston, Texas)

Marahaba, na pole sana kwa msiba.

Kwanza ipeleke mwangani, uitazame. Ukiona utando mweupe au wa kijani wenye manyoya, au inanuka kama kabati la nguo zilizolowa, hiyo ni kuvu, usiivute. Kama ni kavu tu, itarudi. Usiirushie maji na usiwekee kipande cha tufaha kama wengi wanavyoshauri, ndiyo njia ya kualika kuvu.

Nitakueleza alivyofanya baba yangu. Jani la bani likishakauka sawasawa huwezi kuligusa, linasagika mkononi. Kwa hiyo usiku wa mwisho alikuwa anazima moto, na kabla ya alfajiri anafungua mlango wa bani wazi kabisa, anakaa kizingitini. Hewa ya umande inaingia yenyewe. Jua likichomoza majani yamelainika, yanapindika kama kitambaa, ndipo tunaitwa kuyashusha.

Nawe fanya hivyo. Mimina tumbaku kwenye bakuli pana. Chukua kitambaa safi, kiloweshe, kikamue mpaka kisidondoshe tone, funika juu ya bakuli bila kugusa tumbaku. Kila baada ya saa moja koroga kwa vidole, uibane na kuiachia kama nilivyomweleza yule wa Ohio. Inaweza kuchukua saa tatu, inaweza kuchukua mchana kutwa. Pole pole, kwa kuwa iliyovunjika huwezi kuiunga tena. Ikishalainika itie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana.

Kiko chake usikisugue ndani. Ile ngozi nyeusi ya mkaa iliyojijenga ukutani ni yeye aliyeijenga, na ikiwa haijazidi unene wa sarafu haina ubaya. Pitisha tu waya mrijani wenye matone machache ya pombe kali ya kusafishia, ukiache siku mbili hewani, kisha ujaze nusu.